Sauti ya Somo la Muziki Mtandaoni: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Mwanafunzi wangu mmoja wa fidla, anayeishi Kasarani, aliwahi kunipigia noti ndefu kwenye uzi wa G, ulio wa chini kabisa katika chombo hicho. Niliisikia ikianza vyema, ikafifia kabla ya sekunde ya pili kuisha, ikarudi kwa mkwaruzo kisha ikatoweka. Nikamwambia kwamba uta wake hauna uzito. Akarudia mara tatu huku mkono wake ukizidi kukakamaa. Baadaye alipokuja kwangu tukaketi ana kwa ana, noti ile ile ilitoka imara tangu ncha moja ya uta hadi nyingine, nami nikatambua kwamba kwa muda wa mwezi mzima nilikuwa nikimsahihisha mtoto kwa kosa la programu.

Makosa ya namna hiyo huzaliwa na imani ambazo wengi wetu jijini Nairobi, walimu kwa wazazi, tulizikumbatia masomo yalipohamia mtandaoni mwaka 2020 na hatujazihoji tangu hapo. Naanza na ile iliyonigharimu mwezi.

Dhana: Programu inayofaa kwa mazungumzo itafaa pia kwa muziki

Programu za kupigiana simu kwa intaneti zimeundwa kwa ajili ya mtu anayezungumza. Mazungumzo yana umbo lake: silabi hukatika, hupanda na kushuka, na huacha vipande vya kimya katikati. Kitu kinachovuma mfululizo kwa kiwango kimoja, kama vile feni, jenereta ya jirani au mvua juu ya mabati, programu hukihesabu kuwa kelele na kukifuta ili msemaji asikike. Basi noti ndefu ya fidla au ya filimbi, ambayo sifa yake ni kuvuma mfululizo kwa kiwango kimoja, huingia katika hesabu hiyo hiyo ya feni na jenereta. Ndivyo ulivyopotea uzi wa G wa mwanafunzi wangu.

Ufutaji huo wa kelele una ndugu wawili. Wa kwanza ni urekebishaji wa ukubwa wa sauti, ambao hunyanyua sauti ndogo na kukandamiza kubwa ili wanaozungumza wasikike kwa usawa. Mpiga piano anayejitahidi kukuza sauti hatua kwa hatua humfikia mwalimu akiwa amelainishwa kuwa tambarare, na mwalimu humlaumu kwamba hapigi kwa hisia. Wa pili ni uzuiaji wa mwangwi, unaofanya sauti ya upande mmoja ikatwe upande wa pili unapotoa sauti, hata mwalimu akisema "endelea, endelea" anafuta vipimo viwili vya muziki ambavyo angetaka kuvisikia. Ala zetu za jadi huumia zaidi. Mpiga nyatiti hugonga mti wa fremu ya chombo kwa pete ya chuma aliyoivaa kwenye kidole cha mguu, na mgongo huo wote wa mdundo unaweza kufutwa, zikabaki nyuzi nane zinazoelea bila ardhi.

Kwa hiyo, mzazi anaponiuliza ni programu gani iliyo bora, namrudishia swali: ni ipi inayokuruhusu kuyazima hayo yote matatu? Zoom ina kipengele kiitwacho "Original Sound for Musicians", ambacho huwekwa kwanza katika mipangilio ya sauti, kisha huwashwa tena ndani ya somo lenyewe kwa kitufe kilicho juu ya dirisha. Wengi huishia hatua ya kwanza na kudhani wamemaliza. Ndani yake mna hali ya ubora wa juu, ambayo hutuma sauti kwa kilohezi 48, yaani sampuli (vipande vya sauti vilivyopimwa) 48,000 kila sekunde, kwa kilobiti 96 kwa sekunde ikiwa ni ya mkondo mmoja na 192 ikiwa ni stirio. Microsoft Teams nayo ina hali ya muziki, na Discord inaruhusu kuzima kila kimoja cha vichujio hivyo vitatu peke yake. WhatsApp, ambayo ndiyo iliyomo katika kila simu na ambayo wazazi huipendelea kwa sababu hiyo hiyo, haina mipangilio kama hiyo ndani yake, ingawa mwenye iPhone anaweza, simu ikiwa inaendelea, kubadilisha hali ya maikrofoni ya simu yenyewe na kuchagua ile ya kupokea sauti zote za chumbani.

Si kwamba teknolojia ya kubeba muziki haipo katika programu hizo. Kodeki (mfumo wa kubana sauti ili isafirishwe) ya Opus, iliyosanifishwa mwaka 2012 na inayotumiwa na programu nyingi za simu leo, inaweza kubeba sauti kutoka kilobiti 6 hadi 510 kwa sekunde. Uwezo upo; vichujio vilivyotangulia ndivyo vinavyouharibu muziki kabla haujafika kwenye kodeki. Ukisoma mwongozo unaokupendekezea Skype, uweke kando: huduma hiyo ilifungwa tarehe 5 Mei 2025.

Dhana: Mwalimu akishaweka mipangilio, kazi imekwisha

Hili ni kosa la walimu, na mimi nililifanya kabla ya mzazi yeyote. Vichujio hufanya kazi katika kifaa kinachotuma sauti. Nikivizima kwangu, mwanafunzi ataisikia piano yangu vizuri sana, lakini mimi nitaendelea kumsikia kama zamani, ilhali mwenye kuhitaji kusikiwa kwa makini katika somo ni yeye. Mipangilio lazima ifanywe kwenye kompyuta ya mwanafunzi, tena afadhali siku moja kabla ya somo la kwanza, mzazi akiwapo. Mzazi mmoja aliniambia kwa upole, "Mwalimu, kwani si wewe ndiye uliye na programu ya kulipia?" Nikamweleza kwamba malipo hayo huondoa tu kikomo cha dakika 40 ambacho akaunti ya bure ya Zoom imewekewa, jambo lenye maana kwa somo la dakika 45, lakini hayagusi chochote kilicho mezani kwa mtoto wake.

Kuna sharti linaloandamana na hatua hiyo. Uzuiaji wa mwangwi ukizimwa kwa mwanafunzi, sauti ya mwalimu inayotoka kwenye spika zake huingia tena kwenye maikrofoni na kumrudia mwalimu kama mtu anayemwigiza kwa nyuma. Anayesumbuliwa ni mwalimu, na mwenye dawa ni mwanafunzi: avae hedifoni.

Dhana: Hedifoni ghali zisizo na waya ndizo bora

Kwa kusikiliza muziki njiani kwenye matatu, huenda. Kwa somo, hapana. Hedifoni za kawaida za Bluetooth zinapotakiwa kupokea na kutuma sauti kwa wakati mmoja, kama inavyokuwa katika simu, hubadilisha mfumo na kuingia ule wa simu, ambao huchukua sampuli kwa kilohezi 8 au 16 badala ya 44.1 au 48 za muziki. Sampuli za kilohezi 8 haziwezi kubeba chochote kilicho juu ya hezi 4,000, yaani mitetemo 4,000 kwa sekunde, wakati ambapo noti ya juu kabisa ya piano ina hezi 4,186 kabla hata hujahesabu sauti zake za juu zinazoipa rangi. Aidha, Bluetooth huongeza ucheleweshaji wake juu ya ule wa mtandao. Hedifoni za waya za bei ya chini kutoka Luthuli Avenue, zilizojaribiwa hapo hapo dukani kabla ya kulipia, zinazishinda katika kazi hii.

Maikrofoni ya pekee ya USB ni kitu kizuri, lakini si cha kuanzia. Nimesikia kipakatalishi cha kawaida kikileta sauti ya kuridhisha mara tu vichujio vilipozimwa na kifaa kikaondolewa juu ya piano, ambako mtetemo wa ubao ulikuwa ukiingia moja kwa moja kwenye maikrofoni yake, kikawekwa juu ya kiti mita moja na nusu kando.

Dhana: Sauti ikikatika, ongeza kasi ya intaneti

Hebu tupige hesabu. Kilobiti 192 kwa sekunde, kwa saa nzima, ni kama megabaiti 86 tu. Video ya ubora wa wastani, ya megabiti 1.2 kwa sekunde, hutumia karibu megabaiti 540 kwa saa hiyo hiyo kila upande. Sauti ni sehemu ndogo ya mzigo, na faiba ya kifurushi cha chini kabisa huibeba bila taabu.

Kinachoikata sauti kwa kawaida ni kuyumba. Sauti husafiri ikiwa imegawanywa katika pakiti ndogo, aghalabu za milisekunde 20, na kila pakiti inapaswa kufika kwa zamu yake. Zikichelewa kwa viwango tofauti, baadhi hutupwa na pengo huzibwa kwa kubahatisha. Wi-Fi inayopita kuta mbili za mawe na kugombaniwa na simu sita za jamaa huyumba hata kama kipimo cha kasi kinasoma megabiti 40. Waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta hutibu zaidi kuliko kupandisha kifurushi. Kukikosekana waya, basi mtoto ahamie chumba chenye ruta, na video izimwe wakati wa kusikiliza kipande kizima.

Wakati mwingine tatizo liko mbali na nyumba kabisa. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, intaneti ilizorota kote Afrika Mashariki, na hakuna kifurushi ambacho kingenusuru somo lililopitia huko.

Dhana: Kwa programu sahihi, mwalimu na mwanafunzi wanaweza kupiga pamoja

Wanamuziki huanza kupoteza mapigo sauti inapochelewa zaidi ya milisekunde 25 au 30 kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, ambao ni muda wa sauti kusafiri hewani mita tisa hivi, kama vile mmoja amekaa mwisho wa ukumbi mdogo. Simu ya video ya kawaida huchelewesha zaidi ya mara tatu ya hapo kwa urahisi. Katika mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500, na robo yake ni 125; hivyo mwanafunzi anayefuata mapigo yangu kwa uaminifu hunifikia akiwa nyuma kwa robo ya pigo au zaidi, nami nikipunguza mwendo kumsubiri, naye hupunguza, hadi sote tunasimama.

Zipo programu zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, kama vile Jamulus, SonoBus na JackTrip iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Stanford. Zinahitaji waya, usanidi wa subira, na watu walio karibu kimtandao. Mwalimu wa Lavington na mwanafunzi wa Umoja wanaweza kufaulu. Mwalimu wa Nairobi na mwanafunzi wa London hawataweza, kwa kuwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na umbali wa karibu kilomita 6,800 ukipimwa kwa mstari ulionyooka hula milisekunde 34 kwenda tu, achilia mbali kwamba nyaya hazinyooki.

Mimi niliacha kupigana na hilo. Humtumia mwanafunzi rekodi ya sehemu yangu mapema, aipige kwenye kifaa cha pili masikioni mwake huku mimi nikisikiliza upande wake pekee.

Dhana: Kurekodi simu kunatosha kwa kusikiliza tena

Rekodi ya simu huhifadhi kile kilichofika, pamoja na mapengo yake. Mwanafunzi ajirekodi kwa simu yake mwenyewe, iliyowekwa kwenye hali ya ndege, kisha faili aitume kwa WhatsApp kama hati. Akiituma kama ujumbe wa sauti itabanwa, na akiituma kama video ya kawaida itabanwa pia. Zoezi hili lina faida ya pili kwa wanaojiandaa kwa mitihani ya onyesho la mbali ya ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, iliyoanza mwaka 2020, kwani nayo hudai video moja isiyokatizwa tangu kipande cha kwanza hadi cha mwisho. Yule wa Kasarani hunitumia yake kila Alhamisi usiku, na uzi wa G husikika humo pamoja na honi za barabarani.