Leseni Ikiisha: Yanayosemwa na Mashabiki, na Ukweli Wake

Tangazo la mchapishaji wa michezo ya kuigiza wahusika mezani huwa fupi. Aya mbili au tatu: leseni yetu inafikia kikomo, vitabu vitaondolewa sokoni tarehe fulani, asanteni kwa kuwa pamoja nasi. Saa chache baadaye mashabiki wameshaambizana mambo mengi, na mengi kati yake si kweli. Nimepitia hali hii kwa michezo niliyoipenda sana, na kila mara nimeona watu wakililia jambo ambalo halijapotea, huku lililopotea kweli likipita bila mtu kulitaja.

Katika michezo hii watu hukaa mezani, kila mmoja akamwigiza mhusika wake, wakifuata kanuni za kitabu na kurusha dadu. Mchapishaji wa mchezo unaotokana na filamu, riwaya au katuni hamiliki ulimwengu ule. Ameukodi. Analipa ada na mrabaha, yaani sehemu ya mauzo, kwa miaka iliyotajwa kwenye mkataba, kwa aina za bidhaa zilizotajwa humo. Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wahenga, na kila anayepanga rafu yake kwa vitabu vya leseni angefaa kulijua hilo tangu siku anaponunua cha kwanza.

“Mchezo umekufa”

Kinachoisha ni haki ya kuchapisha na kuuza. Mchezo wenyewe uko kwenye kitabu ulichonacho na kwa watu wanaokaa nawe mezani.

Tazama michezo ya Star Wars, zile filamu za vita vya anga za mbali. Mwaka 1987 kampuni ya Marekani, West End Games, ilitoa mchezo uliotumia dadu za kawaida za pande sita. Leseni ikawatoka mwishoni mwa miaka ya 1990. Kampuni nyingine, Wizards of the Coast, wakaichukua, wakatoa mchezo wao mwaka 2000, wakaachana nayo 2010. Wakafuata Fantasy Flight Games, ambao kitabu chao kikuu cha kwanza kilitoka 2013. Matanga mawili hayo, na bado wapo wanaocheza ule wa 1987 hadi leo. Mwaka 2018 Fantasy Flight wenyewe walivichapisha upya vitabu viwili vya mwanzo kuadhimisha miaka 30 yake. Na mwandishi Timothy Zahn alipopewa kazi ya kuandika riwaya mpya za ulimwengu huo, Lucasfilm, kampuni ya filamu hizo, walimkabidhi vitabu vya West End kama marejeo. Majina yaliyobuniwa ili wachezaji wapate kujaza kampeni zao, yaani hadithi zinazoendelea kikao hadi kikao, yakaingia kwenye hadithi rasmi. Kitu cha namna hiyo hakifi kwa tangazo.

Kuna wanaosema mchezo wa Fantasy Flight ni tofauti, kwa kuwa unatumia dadu za pekee zenye alama badala ya namba, na dadu hizo zikiadimika hakuna mchezo. Fungua kitabu kikuu. Humo mna jedwali la kubadilishia. Unachukua dadu ya kawaida ya pande nane, unairusha, unatafuta namba iliyojitokeza kwenye safu ya dadu ya kijani, mojawapo ya zile dadu za pekee, na hapo unaona kama umepata alama ya mafanikio, ya faida, au nafasi tupu. Mwenzetu mmoja alilinakili jedwali hilo kwa kalamu kwenye kadi ngumu, akaiweka katikati ya meza. Kikao cha kwanza kilikwenda kwa kusuasua, kila mmoja akinyoosha shingo kuisoma. Kufikia kikao cha tatu tulikuwa tumeshazikariri namba zote, na kadi ikawa ya kuwekea vikombe.

“Umefungwa kwa sababu hauuziki”

Wakati mwingine ni kweli. Mchezo wa mashujaa wa katuni za Marvel, wa kampuni ya Margaret Weis Productions, ulitoka 2012, ukasifiwa na wachambuzi, ukashinda tuzo, na 2013 ukafungwa kwa sababu mauzo hayakutosha kubeba gharama zake. Sifa hazilipi mrabaha.

Lakini usikimbilie jibu hilo kila mara. West End Games ilifilisika mwaka 1998 hasa kwa sababu fedha zake zilikuwa zimefungamana na biashara ya viatu ya mmiliki wake. Viatu! Mchezo uliopendwa kwa zaidi ya miaka kumi ukaanguka kwa deni lisiloihusu meza hata kidogo. Nao The One Ring, mchezo wa ulimwengu wa Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, uliotolewa na kampuni ya Cubicle 7 mwaka 2011, ulikuwa na wafuasi wa dhati na toleo la pili lilikuwa linaandaliwa. Novemba 2019 Cubicle 7 wakatangaza kwamba wanauacha, kwa tofauti za kimkataba na Sophisticated Games waliokuwa washirika wao. Kuna mkataba unaovunjika kwa hesabu mbaya, na kuna unaovunjika kwa sababu pande mbili zimeshindwa kukubaliana tu.

Ndiyo maana pia kimya cha kampuni si lazima kiwe dharau. Mikataba hii huwa na vipengele vya usiri, na aliyetia saini hawezi kutueleza yote hata akitaka.

“Kucheza sasa ni kosa”

Si kosa. Kitabu ulichonunua ni mali yako: kicheze, kiazimishe, kiuze. Asiyeruhusiwa ni mchapishaji, kuchapa nakala mpya.

“Nitanunua PDF baadaye, faili haziishi”

Hapa ndipo ninapoumia, na ndipo ningependa mashabiki wapige kelele. Kitabu cha karatasi kikiacha kuchapishwa kinabaki kuzunguka, mkono kwa mkono, hata bei ikipanda. Faili ikiondolewa dukani haina soko la mitumba. Aliyechelewa kwa siku moja amechelewa moja kwa moja, isipokuwa atokee mwenye leseni mpya na aamue kuirudisha. Kwa kawaida aliyekwisha kuinunua anaendelea kuiona kwenye akaunti yake ya duka, lakini akaunti ni ya duka, si yako. Ipakue siku hiyohiyo, weka nakala mahali pawili.

Anayeumia zaidi ni yule ambaye bado hajaujua mchezo. Sisi wenye vitabu tutaendelea. Kijana atakayealikwa mezani miaka mitano ijayo, akapenda, akauliza pa kupata kitabu chake, tutamjibu nini? Kundi lisilopokea wageni hupungua taratibu, huyu akihama, yule akizidiwa na majukumu.

Punguzo la ghafla linaloonekana baada ya tangazo lina sababu ya kawaida kabisa: mikataba mingi humpa mchapishaji muda wa kumaliza akiba iliyobaki ghalani, na muda huo ukiisha hawezi tena kuiuza.

“Mchapishaji mpya ataendelea pale walipoishia”

Mara chache sana. West End walitumia rundo la dadu za pande sita, Wizards wakaleta dadu ya pande ishirini, Fantasy Flight wakaleta alama. Ulimwengu ni uleule, lakini kila mmoja alianza upya, na karatasi yako ya mhusika, ile unayoandikia uwezo wake, haihamii. The One Ring ni mfano mzuri adimu: kampuni ya Free League walipoichukua, Francesco Nepitello, mmoja wa wabunifu wa toleo la kwanza, akaendelea nayo, na toleo la pili likatoka 2022.

Kwa upande mwingine, kanuni zenyewe mara nyingi zinaokoka. Sheria ya hakimiliki ya Marekani, sehemu ya 102(b), hailindi wazo wala mfumo wala utaratibu wa kufanya jambo. Inalinda maneno na picha zilizotumika kulieleza. Hivyo mfumo wa dadu wa West End uliendelea bila Star Wars, na baadaye ukawekwa huru kwa jina la OpenD6. Mfumo wa kanuni wa ule mchezo wa Marvel ulikuwa ule uitwao Cortex, nao haukwenda na mashujaa wale.

“Waandishi wametutupa”

Hili huniudhi kuliko yote. Wengi wa wanaoandika vitabu hivi ni vibarua wanaolipwa kwa idadi ya maneno. Hawakai kwenye mazungumzo ya mkataba, na wengine hupata habari siku ileile tunayoipata sisi. Mchezo wa Marvel ulipofungwa kulikuwa na kitabu kilichopangwa kuhusu Age of Apocalypse, moja ya hadithi za Marvel. Hakikutoka. Kazi ikikwama hivyo, aliyeiandika hawezi kuiuza kwingine, kwa kuwa kila ukurasa una majina ya wahusika wasio wake, na hawezi kutuonyesha hata sisi tuliokuwa tunaisubiri.