Fujiwara Hawakumpindua Kaizari: Tunayokosea Kuhusu Ikulu ya Heian

Ikitajwa Japani ya zamani akili za watu zinakimbilia samurai na mapanga, kwahiyo wakisikia kuna ukoo ulioishika ikulu karibu miaka 200 wanaamini moja kwa moja kwamba hao jamaa walipindua, wakaua, wakakikalia kiti. Hii ndo dhana inayonikera kuliko zote, maana ikishakaa kichwani mengine yote yanapinda. Ukoo wenyewe ni Fujiwara, mji ni Heian-kyō ambao leo ni Kyoto, na ukweli ni kwamba hakuna Fujiwara hata mmoja aliyewahi kuwa Kaizari. Wao walikuwa wanaozesha mabinti.

Binti wa Fujiwara anaolewa na Kaizari au mrithi wake, akikaribia kujifungua anatoka ikulu anarudi kwao, kwa sababu mambo ya uzazi yalihesabiwa najisi ndani ya ikulu, mtoto anazaliwa nyumbani kwa babu mzaa mama na mikononi mwa watu wa babu, sasa huyo mtoto akirithi kiti bado mdogo nani atamwongoza? Babu. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 858 Seiwa alipokuwa Kaizari ana miaka 8, babu yake Yoshifusa akashika mambo yote, na mwaka 866 akapewa rasmi cheo cha sesshō, yani kaimu anayetawala kwa niaba ya Kaizari mtoto. Kabla yake cheo hicho kilikuwa cha watu wa damu ya kifalme tu.

Kama unataka kuona mamlaka yao yalikaa wapi hasa, usiangalie baraza la mawaziri, angalia mwaka 1008 nyumbani kwa Fujiwara no Michinaga. Binti yake Shōshi alikuwa ameingia ikulu tangu 999, miaka 9 ikapita bila mtoto, ndo mwaka huo akajifungua wa kiume. Murasaki Shikibu alikuwa mhudumu wa Shōshi na aliandika kwenye shajara yake alivyokuwa anamwona Michinaga akija usiku, akija alfajiri, anamwamsha yaya ili amchukue mjukuu, na siku moja mtoto akamkojolea, basi mzee akafungua vazi lake akawa analikausha motoni huku anafurahi kwamba amelowanishwa na mkojo wa mwana wa mfalme. Miaka 8 baadae huyo mtoto akawa Kaizari Go-Ichijō na babu akawa sesshō.

Hapo hapo kuna kosa lingine, watu wanamwita Michinaga kampaku. Kampaku ni kaimu wa Kaizari ambaye tayari ni mtu mzima, na Michinaga hakuwahi kuwa kampaku hata siku moja, usesshō wenyewe alikaa nao mwaka mmoja na ushee tu kisha akamwachia mwanae Yorimichi mwaka 1017. Miaka yote ile mingine alitawala akiwa Waziri wa Kushoto, yani mmoja wa mawaziri wakubwa wa ikulu, na mwenye haki ya kusoma nyaraka kabla hazijamfikia Kaizari. Kinachowachanganya watu ni kwamba shajara yake yenyewe inaitwa Midō Kanpakuki, jina ambalo watu wa baadae ndo waliipa.

Halafu kuna hii ya kusema Kaizari alikuwa sanamu tu. Sio kweli, au tuseme sio wakati wote. Mwaka 887 Kaizari Uda alimteua Fujiwara no Mototsune kuwa kampaku, barua ya uteuzi ikatumia neno "akō", wasomi wakamwambia Mototsune hicho ni cheo cha heshima kisicho na kazi, akagoma, serikali ikakwama miezi na miezi mpaka Kaizari akaifuta barua yake mwenyewe. Ni aibu kubwa ile, lakini Mototsune alipofariki 891 Uda hakuteua kampaku mwingine, akampandisha msomi Sugawara no Michizane ambaye hakuwa Fujiwara kabisa. Na Kaizari Sanjō alisumbuana na Michinaga miaka kadhaa huku macho yanamfia, akaachia kiti mwaka 1016 baada ya kubanwa sana. Mtu asiye na nguvu yoyote huna haja ya kumbana hivyo.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Wengi wanadhani maadui wa Fujiwara walikuwa koo nyingine, na mwanzoni ndivyo, Michizane alifukuziwa Dazaifu kule Kyushu mwaka 901 akafia huko 903, na Minamoto no Takaakira akapelekwa huko huko 969. Baada ya hapo nani kabaki wa kupigana nae? Ndugu. Kanemichi na mdogo wake Kaneie walichukiana mpaka kitanda cha mauti, mwaka 977 Kanemichi yuko mahututi akajikongoja mpaka ikulu, akahakikisha ukampaku unakwenda kwa binamu yao Yoritada na mdogo wake anashushwa cheo, ndo akarudi kufa. Kaneie akasubiri. Mwaka 986 Kaizari Kazan, kijana hajafika hata miaka 18, alikuwa anamlilia mke kipenzi aliyefariki na ujauzito, basi Michikane mtoto wa Kaneie akamshawishi watoroke usiku wakanyoe wote wawe watawa. Kazan akanyolewa, ukaizari wake ukaishia hapo. Michikane akaomba akamuage baba kwanza, hakurudi. Mjukuu wa Kaneie, Ichijō, miaka 6, akawa Kaizari.

Mwaka 995 maradhi yakapita mjini wakubwa wengi wakafa, Michitaka mtoto mkubwa wa Kaneie akafariki, Michikane akapewa ukampaku akafa ndani ya siku chache tu, wakabaki baba mdogo na mtoto wa kaka, yani Michinaga mdogo wao na Korechika mtoto wa Michitaka. Aliyeamua ni mwanamke: Senshi, mama wa Kaizari Ichijō, dada wa Michinaga. Masimulizi ya baadae yanasema aliingia mpaka chumba cha kulala cha mwanae kumbembeleza amchague Michinaga, akatoka uso umeloa machozi lakini anatabasamu. Kwahiyo wanaosema mabinti wa Fujiwara walikuwa bidhaa tu ya baba zao waangalie tena hapa. Hata Shōshi, alimlea Atsuyasu, mtoto wa mke mwenzie Teishi aliyefariki akijifungua, na mwaka 1011 Michinaga aliporuka huyo mtoto akamweka mjukuu wake mwenyewe kuwa mrithi, Shōshi alimkasirikia baba yake, wakati mtoto aliyewekwa ni wa kumzaa yeye!

Korechika alijimaliza mwenyewe. Mwaka 996 alihisi Kazan, yule Kaizari mstaafu, anamwendea mwanamke wake, kumbe Kazan alikuwa anamfuata mdogo wa huyo mwanamke, watu wa Korechika wakarusha mshale ukatoboa mkono wa vazi la mstaafu. Akafukuzwa mjini. Wala hakuuawa, na hili watu hawaliamini ukiwaambia: tangu 810 mpaka 1156 hakuna mkubwa wa ikulu aliyeuawa kwa hukumu. Ukishindwa unapewa cheo cha mbali, unaondoka, na Korechika mwaka uliofuata alishaitwa arudi.

Mwisho wao nao unasimuliwa vibaya, eti samurai waliwaondoa. Samurai walikuta kazi imeshafanyika zamani. Yorimichi alishika ukaimu miaka 50 hivi, akajenga Ukumbi wa Finiksi kule Uji mwaka 1053, ule uliopo kwenye sarafu ya yeni 10, pesa alikuwa nazo, vyeo alikuwa navyo, lakini binti yake Kanshi hakupata mtoto, na Genshi wa kulea alizaa wasichana watupu akafariki mapema. Mwaka 1068 akaingia Go-Sanjō, mama yake binti wa mfalme, amesubiri miaka 23 akiwa mrithi, hana babu Fujiwara wa kumshika mkono. Mwaka uliofuata akafungua ofisi ya kukagua hati za mashamba ya wakubwa, ya Yorimichi yakiwemo.