Mshahara wa mchezaji anayeanza Ligi Kuu: yanayosemwa Tanga na ukweli wake

Dirisha la usajili likifunguliwa, vijiwe vya Ngamiani hujaa habari za kijana fulani aliyesaini Coastal Union au aliyechukuliwa na timu ya Dar. Mengi yanayosemwa kuhusu pesa yake si kweli, na hasara yake huwaangukia vijana wenyewe na wazazi wao.

"Kasaini kwa milioni kumi, sasa kila mwezi anavuta pesa ndefu."

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa. Dau la usajili si mshahara. Dau hulipwa kwa ajili ya kusaini, mara moja au kwa mafungu, na ni la mkataba mzima. Milioni 10 kwa miaka miwili ni kama shilingi 416,000 kwa mwezi, na ikishanunuliwa pikipiki na kugawiwa ndugu, imekwisha. Mshahara ni ule ulioandikwa kwa mwezi, na tarehe yake ya kulipwa. Bonasi za ushindi ni fungu jingine kabisa, na asiyepangwa huenda asizione. Mzazi, ukiitwa kushuhudia mwanao akisaini, ulizia mshahara kabla ya dau.

Halafu kuna makato. Mchezaji aliyeajiriwa hukatwa kodi ya mshahara kama mwalimu au karani: Tanzania Bara shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazikatwi, kisha viwango hupanda kutoka asilimia 8 hadi 30 kwa kinachozidi milioni moja. Kiongozi akisema klabu itabeba kodi, aliandike kwenye mkataba.

"Azam wametoa mabilioni, kwa hiyo kila mchezaji yuko vizuri."

Mkataba wa 2021 wa Azam TV kuonyesha mechi za Ligi Kuu ni wa shilingi bilioni 225.6, lakini ni kwa miaka kumi. Hata ungegawa zote sawasawa kwa timu 16, ni kama bilioni 1.4 kwa timu kwa mwaka. Humo kuna safari za Bukoba na Mbeya, hoteli, kambi, makocha na kikosi kizima.

"Marekani anayeanza analipwa dola 840,000."

Hicho kilikuwa kima cha chini cha mwaka 2025 cha NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, mchezo wa kukimbia na mpira mikononi. Kwenye ligi yao ya soka, MLS, kima cha chini cha wachezaji wa akiba mwaka huohuo kilikuwa dola 80,622.

"Klabu isipolipa, dogo avumilie tu."

Hili linaniuma kuliko yote, maana limewapotezea vijana haki yao. Kanuni za FIFA, tangu 2018, zinasema klabu ikishindwa isivyo halali kulipa mishahara ya miezi miwili, mchezaji aidai kwa maandishi na kuipa angalau siku 15 ilipe yote. Isipolipa, ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba. Akitoroka kambini bila barua, yeye ndiye anayeonekana mkosaji. Madai ya hapa nchini hupelekwa kwenye kamati ya shirikisho la soka nchini, TFF, inayoshughulikia hadhi za wachezaji, na huko neno la mdomo halimsaidii. Kwa hiyo asiondoke ofisini bila nakala yake ya mkataba.

Na aliye chini ya miaka 18 hafungwi na mkataba wa zaidi ya miaka mitatu. Akisainishwa mitano, miwili ya mwisho haitambuliwi.