Safari ya mzigo Guangzhou: tunavyoambizana na hali ilivyo

Ninauza mikoba na viatu vya kike Kariakoo, na kila baada ya wiki mbili tatu kuna mdogo wangu wa biashara anayekuja dukani na swali lile lile: "Dada, nauli ninayo, mtaji ninao, nikifika China naanzia wapi?" Nikimuuliza tarehe, ameshakata tiketi. Nikimuuliza atalala wapi, ameshalipia chumba. Vyote kwa maneno ya kusikia. Naumia, kwa sababu hasara nyingi nilizoziona Guangzhou, mji wa China tunakonunulia mzigo, hazikuanzia kwenye bei ya bidhaa. Zilianzia kwenye tarehe ya safari, mahali pa kulala na ukubwa wa maboksi, mambo ambayo mtu angeyapanga akiwa bado nyumbani kwake.

Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi.

"Nenda wakati wa maonyesho, ndiyo bei inashuka"

Maonyesho ya biashara ya Canton (jina la zamani la Guangzhou) yapo tangu 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka: kuanzia katikati ya Aprili hadi mwanzoni mwa Mei, na kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba, kwenye kumbi kubwa za Pazhou. Yana awamu tatu, kila awamu na bidhaa zake. Ya kwanza ni mashine na vifaa vya umeme, ya pili vyombo na mapambo ya nyumbani, ya tatu nguo, viatu na mikoba. Muuza mikoba akifika awamu ya kwanza atashinda siku nzima kati ya majenereta.

Isitoshe, wanaokaa pale ni watu wa viwanda. Kabla hata ya kutaja bei watakuuliza unachukua pisi ngapi, na mara nyingi wanataka mamia ya pisi za muundo mmoja. Mwenye mtaji wa kujaza kontena, pale ndipo mahali pake. Mwenye mtaji wa maboksi kumi atarudi na karatasi za matangazo mkononi, na hoteli atakuwa ameilipia bei ya msimu, maana wiki hizo vyumba vya Guangzhou hupanda bei sana. Masoko ya jumla ya mjini yako wazi karibu mwaka mzima, na ndiyo yanayotufaa sisi.

Tarehe ya kuogopa ni Mwaka Mpya wa Kichina. Huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na siku ya ishirini hivi ya Februari. Mwaka 2027 ni Februari 6. Wafanyakazi wa viwandani wanatoka mikoani, kwa hiyo huanza kuondoka mapema na huchelewa kurudi. Ukiweka oda wiki mbili kabla, hesabu kwamba mzigo wako utasubiri hadi watu warudi kazini. Kuanzia Oktoba 1 nako kuna wiki ya sikukuu, kwa hiyo panga kuipisha.

"Hoteli ni pa kulaza ubavu tu, chukua ya bei ya chini"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapochoma siku zao.

Guangzhou ni mji mkubwa. Ukipata chumba cha bei poa pembezoni, utatumia saa mbili au tatu kwa siku barabarani, na jioni utavuka mji ukiwa na mifuko ya sampuli begani. Waafrika wengi hukaa Xiaobei au Sanyuanli, na sababu yake ni ya kikazi. Xiaobei iko kwenye laini ya 5 ya metro, Sanyuanli kwenye laini ya 2. Soko la mikoba la Guihuagang liko hapo hapo Sanyuanli, na masoko ya nguo ya Baima na Zhanxi yako jirani na kituo kikuu cha treni. Xiaobei utapata chakula cha halali bila kuhangaika, na utapata watu wa kampuni za kusafirisha mizigo wanaojua Kiswahili cha biashara. Nauli ya metro huanzia yuan 2. Ukijumlisha teksi unazoziepuka, hoteli iliyoonekana ghali inaweza kuwa rahisi kuliko ile ya mbali.

Kuna suala la polisi pia. Mgeni yeyote anatakiwa aandikishwe polisi ndani ya saa 24 tangu afike mahali anapolala. Hoteli inafanya hivyo yenyewe kwa kutumia pasipoti yako. Ukilala kwa rafiki aliyepanga nyumba, ni juu yenu wawili kwenda kituo cha polisi cha mtaa. Wengi hawaendi, wakidhani ni jambo la hiari. Si la hiari. Na hoteli ndogo sana inaweza kukuambia haipokei wageni kwa sababu mhudumu hajui kuwaandikisha. Serikali ya China ilishasema hoteli zisiwakatae wageni, lakini usiku wa manane ukiwa na masanduku mlangoni huna nguvu ya kubishana. Andikia hoteli kabla hujalipa, uulize kama wanapokea pasipoti ya Tanzania au Kenya, au yoyote uliyo nayo.

Halafu kuna tarehe. Ndege ikitua saa saba kasoro usiku, sisi tunasema ni usiku wa kuamkia Jumatano. Tiketi imeandikwa Jumatano, basi mtu anabuku chumba kuanzia Jumatano. Kwa hoteli, usiku huo bado ni wa Jumanne. Chumba chako cha Jumatano kinafunguliwa mchana. Nimewakuta dada wawili wamelala kwenye makochi ya mapokezi, wamefunika nyuso kwa khanga, wanasubiri saa nane mchana. Kwa ndege ya namna hiyo, lipia kuanzia siku ya nyuma. Kumbuka pia metro ya kutoka uwanja wa ndege wa Baiyun haifanyi kazi usiku kucha, kwa hiyo weka kando pesa ya teksi, na anwani ya hoteli uwe nayo kwa herufi za Kichina. Dereva hasomi ile ya herufi zetu.

"Hong Kong ni China, viza ni ile ile"

Hii imewaliza watu. Ukivuka kwenda Hong Kong au Macau, uhamiaji wanahesabu umetoka China bara. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, imekwisha pale pale, hata kama siku zake zimebaki ishirini. Treni ya kasi kutoka Guangzhou Kusini hadi Hong Kong ni mwendo wa saa moja hivi, na wepesi huo ndio unaomponza mtu: anasema aende kutembea jioni arudi. Anayetaka kwenda huko aombe viza ya kuingia zaidi ya mara moja tangu mwanzo, au aipange Hong Kong iwe mwisho wa safari na arudie nyumbani kutokea huko.

"China hawatumii tena noti"

Kwenye chai, teksi na maduka ya kawaida watu wanalipa kwa simu, kweli. Kadi ya Visa au Mastercard ya kwetu inaweza kuunganishwa na Alipay au WeChat, programu za simu za Kichina za kulipia, na malipo yanayozidi yuan 200 hukatwa asilimia 3. Fanya kazi hiyo ukiwa nyumbani. Namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini yako ya kila siku, na ukiwa Guangzhou laini imezimika, benki haitakutambua.

Kwenye masoko ya jumla mambo ni tofauti. Wauzaji wengi wanakuonyesha msimbo wao binafsi wa kupokea pesa, na kadi yetu kwa kawaida haitumi pesa kwa mtu binafsi. Pale noti ndizo zinazoongea. Sheria ya China hairuhusu duka kukataa noti za yuan, na kwenye masoko hayo mashine za kuhesabia pesa ziko mezani. Noti kubwa ni ya yuan 100, kwa hiyo manunuzi ya yuan 50,000 ni noti 500. Beba mkoba wa kuvaa mbele. Ukiingia China na fedha za kigeni zinazozidi dola 5,000, zitamke forodhani. Ukitoka Tanzania au Kenya, kiwango cha kutamka ni dola 10,000.

"WhatsApp na ramani vitanielekeza"

WhatsApp na Google vimefungwa China. Ukitumia laini ya nyumbani kwa huduma ya kuzurura nje ya nchi, kwa kawaida vinafanya kazi, ila gharama yake iulizie mapema. Pakua programu ya ramani ya Amap na ya kutafsiri kabla hujaondoka. WeChat, ambayo pia ni ya kuandikiana ujumbe, huna budi kuwa nayo, kwa sababu muuzaji atakuomba hiyo na hataki namba ya simu.

"Guangzhou ni soko moja kubwa, unazunguka tu"

Kila bidhaa ina mtaa wake. Vitambaa viko Zhongda, ng'ambo ya mto upande wa kusini. Vitu vya kuchezea watoto na mapambo ya sherehe viko barabara ya Yide. Nguo za bei ya chini ziko Shahe, na huko soko huanza kabla ya kupambazuka. Ukifika saa sita mchana utakuta wanafagia. Marumaru na samani ni mji wa Foshan, vifaa vya simu ni Huaqiangbei, Shenzhen. Mimi hupanga siku moja mtaa mmoja, siku ya kwanza nikikusanya bei bila kununua chochote.

Usidanganyike na mikoba yenye nembo za kampuni kubwa. Guihuagang utaitwa pembeni uonyeshwe picha kwenye simu. Tume ya Ushindani hapa kwetu inakamata bidhaa bandia na kuziteketeza, na Kenya wana mamlaka yao kwa kazi hiyo hiyo.

Na Yiwu si jirani. Iko mkoa wa Zhejiang, zaidi ya kilomita 1,000 kwa reli, na hata treni ya kasi inakula sehemu kubwa ya siku. Soko lake lina vibanda 75,000 hivi vya vitu vidogo vidogo, kwa hiyo ukienda, kaa usiku mbili au zaidi. Tiketi inafungwa na pasipoti, kwa hiyo beba ile ile uliyokatia. Soma pia jina la kituo hadi mwisho: nan ni kusini, dong mashariki, xi magharibi, bei kaskazini. Guangzhou ina vituo vikubwa kadhaa, na ukikosea kimoja ukakimbilia kingine, treni haitakusubiri.

"Mikoba ni myepesi, usafiri wake ni rahisi"

Nilipoanza niliamini hivi. Kwa meli unalipa ujazo, yaani CBM (mita za ujazo). Kwa ndege wanapima uzito na ujazo, unalipa kilicho kikubwa. Chukua boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 50. Ukizidisha unapata 150,000. Ukigawa kwa milioni moja, ni CBM 0.15. Kwa ndege unagawa kwa 6,000, unapata kilo 25. Boksi hilo likiwa na mikoba ya kilo 12, utalipia kilo 25. Kilo 13 zilizobaki ni hewa na karatasi.

Karatasi zile zinatoka kiwandani, zimesokotwa tumboni mwa kila mkoba ili usimame vizuri rafuni. Kwa hiyo siku ya kufunga mzigo mimi huenda mwenyewe. Tunatoa karatasi kwenye mikoba laini, tunauingiza mdogo ndani ya mkubwa, kamba za begani tunazikunja ndani na vyuma vyake tunavifunga plastiki visikwaruze. Mikoba migumu tunaiacha na karatasi zake, maana ikibonyea haiponi. Maboksi 20 yaliyokuwa CBM 3 nimewahi kuyashusha hadi maboksi 14, mikoba ikiwa ile ile.

Kabla ya hapo uliza wakala wako wa kusafirisha mzigo kama bidhaa yako inahitaji cheti cha ubora kabla ya kupakiwa. TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, wote wana utaratibu huo kwa bidhaa nyingi, na cheti hakipatikani mzigo ukiwa baharini. Na siku ya kupanda ndege, pawabenki usiiweke kwenye sanduku la kukabidhi uwanjani, ni ya kubeba mkononi.

Boksi likishafungwa mkanda, chukua kalamu ya wino mzito uandike pande mbili: jina lako, namba yako ya simu ya nyumbani, na namba ya boksi kati ya yote, 1/14, 2/14, hadi la mwisho. Piga picha kila moja kabla gari la wakala halijaondoka.