Kukrimpu si kubana kwa nguvu

Siku hizi kila kilichobanwa kinaitwa krimpu. Fundi wa stima akiponda lagi, kile kichwa cha metali chenye bomba la kuingiza ncha ya waya, kwa koleo, amekrimpu. Mwingine akiilaza juu ya chuma na kuigonga nyundo, naye amekrimpu. Taa inawaka, mteja analipa, na baada ya muda plastiki ya lagi inageuka kahawia na kunuka kuungua.

Kukrimpu ni kuunganisha metali kwa kuzigandamiza baridi ndani ya tundu lenye umbo na kipimo maalumu, hadi zisiweze kurudi zilivyokuwa. Basi.

Wengi huacha hilo tundu, wakabaki na kugandamiza peke yake. Koleo hubana lagi kutoka juu na chini tu. Bomba lake linakuwa bapa, na nyuzi za waya zinakimbilia pembeni, ambako hakuna cha kuzizuia. Kwa nje pamekaza. Ndani mna nafasi, hewa inaingia, shaba inashika utando wa oksaidi, ukinzani unapanda, joto nalo linapanda na kuzidi kulegeza kiungo. Ukikaza zaidi, nyuzi za pembeni zinakatika. Kwa hiyo kuongeza nguvu hakuponyi kitu.

Tundu likivizunguka pande zote, bomba na nyuzi havina pa kukimbilia. Nyuzi zinasuguana, zinakwanguana ule utando, zinapoteza uduara. Kata kiungo kizuri kwa msumeno wa chuma, kipige msasa laini, utaona vipande vya pembe nyingi vimeshikana kama sega la nyuki. Ukiona vitone vyeusi katikati, hiyo ni hewa.

Ndiyo maana anayetaka kutengeneza krimpa (kifaa cha kukrimpu) ndogo ya bei nafuu pale Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali wa Nairobi, asimalizie pesa kwenye mikono. Flatibaa (chuma bapa) ya milimita 25 kwa 6 inatosha. Milimita 180 kutoka kwenye boliti ya egemeo hadi kiganjani, na 15 kutoka egemeo hadi tundu, ni kuzidisha nguvu mara 12, ukitoa kinachopotea kwa msuguano. Kazi yenyewe iko kwenye taya.

Taya zitoke kwenye springi ya lori. Ipashe hadi iwe nyekundu, ifukie kwenye majivu ipoe polepole, la sivyo itakula biti za drili. Funga taya mbili kwenye vaisi, katikati yake uweke kipande cha bati, kisha toboa kwenye mstari zinapokutana, kwa biti yenye kipenyo cha nje cha lagi. Ukitoa bati, tundu linapungua kimo kwa unene wa bati hilo. Anza na bati jembamba. Tundu likibaki kubwa, piga tupa nyuso za taya kidogo kidogo huku ukijaribu. Midomo ya tundu ilainishwe, kwa sababu ukingo mkali hukata nyuzi. Halafu pasha taya hadi sumaku isishike, ongeza moto kidogo, zitumbukize kwenye oili, zing'arishe, uzipashe tena taratibu hadi rangi ya kahawia itokee. Ukiruka hatua hii ya mwisho, taya zitapasuka. Na ukiacha kuzikomaza kwa moto na oili, tundu litapanuka na viungo vitalegea bila mtu kutambua.

Nyuso za taya zikigusana, hapo ndipo kikomo. Hata racheti (meno ya kuzuia mikono isirudi) ya krimpa za bei ya juu haiongezi nguvu. Inakukataza tu kuachia kabla ya kufika hapo. Asiye na racheti atazame kwa macho.

Na tundu moja halitoshi lagi zote. Zenye plastiki nyekundu ni za waya wa milimita mraba 0.5 hadi 1.5, za bluu 1.5 hadi 2.5, za njano 4 hadi 6. Kukunja waya mwembamba mara mbili ili ujaze lagi ya njano hakusaidii.

Kujaribu ni rahisi. Kiungo cha waya wa 2.5 kinatakiwa kuhimili mvuto wa nyutoni 230. Beli ya unga, pakiti 12 za kilo 2, ina uzito wa kutosha: iinue polepole ikining'inia kwenye kiungo. Waya ukichomoka, kiungo hicho hakijakrimpiwa.

Aliyetumia koleo, basi aseme amebana, ili fundi atakayekuja baadaye ajue cha kukagua. Na aliyekrimpu sawasawa asitie risasi ya kulehemu juu kwa kudhani anaongeza uimara. Risasi hupanda kati ya nyuzi na kuufanya waya uwe mgumu hadi pale inapoishia, na kwenye bodaboda inayotetemeka kutwa nzima, hapo ndipo waya hukatikia.