Stelingi Naye Alitoka Kwingine

Jumamosi moja ya masika, Ngamiani hapa Tanga, kibanda umiza kilijaa mpaka mlangoni. Mvua ilikuwa inatwanga bati, na mtafsiri, aliyekaa na maikrofoni yake ubavuni mwa televisheni, alikuwa anapaza sauti kushindana nayo. Muvi ilikuwa Black Panther, ile ya 2018. Kuna mahali mfalme T'Challa anazungumza na rafiki yake W'Kabi, ambaye watu wake ndio walinzi wa mpaka wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika. W'Kabi anamwambia kwamba wakimbizi ukiwaruhusu, wanaingia na matatizo yao, na hapo Wakanda inakuwa kama nchi nyingine yoyote. Ni maneno ya sekunde chache, lakini muvi nzima imeegemea hapo. Mtafsiri hakuyatafsiri. Alikuwa anamtania kijana wa mstari wa mbele aliyesimama akaziba kioo.

Tulipotoka tulijibanza barazani kungoja mvua ipungue, na mabishano yakaanza. Kijana mmoja wa bodaboda alisema Wazungu wameziharibu muvi za mashujaa, siku hizi wanachomeka siasa na mambo ya wahamiaji, wakati zamani zilikuwa ngumi na kuruka tu. Mzee mmoja, fundi cherehani, akamuunga mkono: "Mambo ya wahamiaji ni yao hukohuko. Sisi Tanga yanatuhusu nini?"

Maneno haya nimeyasikia mara nyingi, Chumbageni, Makorora, hata kwa vijana wanaotuwekea muvi kwenye flashi. Watu kubishana sioni ubaya. Kinachoniuma ni kwamba tunabishana juu ya kipande tulichokatiwa, kila mtu anajaza pengo kwa alichosikia mtaani.

"Siasa zimeingizwa juzijuzi"

Si kweli, na tarehe zipo. Superman alitoka mara ya kwanza kwenye kitabu cha katuni cha Juni 1938. Katika kurasa zile za mwanzo kabisa hapigani na jitu lolote la angani. Anamwokoa mwanamke aliyehukumiwa kifo bila kosa, anamtia adabu mwanamume anayempiga mkewe, kisha anaanza kumfuatilia seneta aliyenunuliwa ili aitumbukize nchi kwenye vita vya Ulaya.

Captain America ndiyo kabisa. Kitabu chake cha kwanza kina tarehe ya Machi 1941 na kiliingia madukani tangu Desemba 1940. Kwenye jalada anampiga Hitler ngumi ya taya. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Iliingia Desemba 1941, na wapo Wamarekani wengi waliokuwa hawataki kabisa nchi yao ijihusishe. Waliomtunga, Joe Simon na Jack Kirby, walikuwa watoto wa familia za Kiyahudi, na mchoro ule uliwaletea vitisho. Walichagua upande hadharani, kwa rangi, kwenye kitabu cha watoto cha senti 10.

Mwaka 1946 Superman alikuwa redioni. Katika mfululizo mmoja wa sehemu 16 alipambana na kundi la watu wanaojifunika nyuso, lililochorwa kwa mfano wa Ku Klux Klan, lile kundi la wabaguzi wa rangi la Marekani. Na kundi hilo lilikuwa linamwandama nani? Familia yenye asili ya Kichina iliyokuwa ndiyo kwanza imehamia mjini. Miaka themanini iliyopita, hadithi ya mashujaa na hadithi ya mgeni anayebaguliwa zilikuwa kitu kimoja, na watoto waliisikiliza wakirudi shule.

Hata muvi zenyewe. X-Men ya 2000, ambayo wengi wetu tuliiona kwa mikanda ya video, inaanza kwenye Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, mtoto wa Kiyahudi anatenganishwa na wazazi wake kwenye matope. Muda si mrefu tunamwona seneta anayetaka watu wenye nguvu za ajabu waandikishwe kwa sheria. Kijana wangu wa bodaboda anaipenda muvi hii. Anakumbuka makucha ya Wolverine. Ule mwanzo, aliniambia, mtafsiri wa wakati ule alikuwa anaupeleka mbele.

"Superman ni Mmarekani halisi, hiyo habari ya uhamiaji wamembandika"

Hapa ndipo kelele zilipokuwa nyingi zaidi mwaka 2025. Kabla Superman mpya haijatoka mwezi Julai, mwongozaji wake, James Gunn, aliliambia gazeti la The Times la Uingereza kwamba hadithi ya Superman ni hadithi ya Marekani, ya mhamiaji aliyetoka kwingine, ingawa kwake jambo kubwa zaidi lilikuwa wema kati ya binadamu. Watu wakawaka kabla ya kununua tiketi.

Lakini hakuna aliyembandika kitu. Tangu 1938 Superman ni mtoto aliyerushwa kutoka sayari iliyoangamia, akaangukia kwa watu wasiomjua, akapewa jina la pale alipoangukia. Waliombuni walikuwa vijana wawili wa Cleveland. Wazazi wa Jerry Siegel walihamia kutoka Lithuania. Joe Shuster hakuzaliwa hata Marekani, alizaliwa Toronto, Kanada, kwa wazazi waliotoka Ulaya. Nyumba walizokulia ndizo zilizoingia kwenye katuni. Ile kauli maarufu ya ukweli, haki na mwenendo wa Kimarekani, ambayo watu huitaja kama ushahidi wa uzalendo wake, haikuwapo alipozaliwa. Ilianza kusikika redioni mwaka 1942, wakati wa vita, na mwaka 2021 kampuni inayomchapisha, DC, iliibadilisha, neno la Marekani likaondolewa na pahala pake pakawekwa kesho iliyo bora.

Sasa niseme haki ya upande wa pili, maana hoja yao si tupu. Superman aliletwa akiwa mchanga, akalelewa na baba na mama wa shamba, akawa anaongea kama wao. Huyo si mtu mzima anayevuka mpaka na kifurushi chake, lugha haijui, karatasi hana. Anayesema hadithi hii ni ya mtoto wa kulea kuliko ya mhamiaji ana pa kusimama, na muvi ya 2025 yenyewe inampa nguvu, kwa sababu uzito wake mkubwa umewekwa kwa wale wazazi wa kulea. Hilo ni bishano zuri. Bishano la "wamembandika" ndilo lisilo na miguu.

Mengine madogo niyapitie upesi. Black Panther hakupewa jina la Black Panther Party, chama cha siasa cha Wamarekani weusi: mhusika huyo alitoka katunini Julai 1966, chama kikaanzishwa Oktoba mwaka huohuo. Na lugha wanayoongea Wakanda si Kiswahili wala si ya kubuni, ni Kixhosa cha Afrika Kusini; aliyeianzisha kwenye muvi hizi ni mwigizaji mzee John Kani, kwa sababu ndiyo lugha yake ya nyumbani.

"Muvi ikishagusa wakimbizi, imeshachagua upande"

Ukiitazama Black Panther bila kukatiwa, utaona W'Kabi si adui aliyezaliwa muovu. Ni rafiki wa mfalme, wazazi wake waliuawa, na hofu yake ina sababu. Nakia, aliyechezwa na Lupita Nyong'o, anasema kinyume chake: Wakanda ina uwezo wa kusaidia na inajificha. Halafu anakuja Killmonger, ambaye baba yake ni wa Wakanda lakini yeye amezaliwa na kukulia Oakland, Marekani, nyumbani hawamjui. Hao watatu wanabishana vilevile tunavyobishana barazani. Ni kweli mwisho mfalme anafungua milango, kwa hiyo muvi ina msimamo, siwezi kuuficha. Ila imempa mpinzani nafasi ya kusema, tena kwa mdomo wa mtu unayempenda.

Captain Marvel ya 2019 inatumia mbinu nyingine: Skrull, viumbe wa angani ambao kwenye katuni wamekuwa maadui tangu 1962, wanageuka mbele ya macho yako kuwa familia zilizokimbia vita. Mimi naona hiyo ni rahisi mno ikilinganishwa na ile ya W'Kabi, kwa sababu mtazamaji hapewi muda wa kupinga.

"Hayatuhusu Tanga"

Nilimgeukia yule fundi. Nikamwuliza, mzee wangu, samahani, asili yenu ni wapi? Akacheka kidogo. "Baba alikuja na SILABU kutoka Kasulu. Kukata mkonge."

SILABU ilikuwa ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, iliyoanza 1944, kazi yake kukusanya vibarua kutoka mbali, Kigoma, Ruanda-Urundi na kwingineko. Waliitwa manamba kwa ile namba kila mmoja aliyopewa. Mkonge wenyewe si wa hapa: Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na miche iliyofika hai Pangani ilikuwa 62 tu. Mji huu tunaousifia waja leo waondoka leo umejengwa na wengi waliokuja wasiondoke.

Na pale Handeni kuna Chogo. Wanaoishi pale wametoka Somalia, lakini wanaongea Kizigua. Mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka huku karne ya 19, wakapelekwa mpaka bonde la mto Juba. Vita vya Somalia vya 1991 vikawarudisha kama wakimbizi kwenye nchi ambayo bibi zao waliiimba, na wengi wamepewa uraia. Mwaka 2014 Tanzania ilianza kuwakabidhi vyeti vya uraia Warundi waliokimbia mwaka 1972 na watoto wao, zaidi ya watu 160,000. Ni nchi chache zilizowahi kufanya hivyo kwa mkupuo. Wapo waliopinga, na hoja zao zilikuwa zilezile za W'Kabi, karibu neno kwa neno: ardhi, usalama, watakuja na matatizo yao.

Nikawasimulia pale barazani ile sehemu iliyopitwa, nani alisema nini. Kijana wa bodaboda alinyamaza, kisha akasema atatafuta nakala yenye maandishi chini. Mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Fundi alishavaa koti lake, akageuka.

"Mwanangu, yule aliyekataa wakimbizi wasiingie, mwisho ilikuwaje?"

Nikamwambia alipiga magoti mbele ya mkewe, jenerali Okoye, katikati ya vita, akatupa silaha.

"Akabadili mawazo?"

Hilo, mzee, muvi ile haisemi.