Harufu ya spiriti si ushahidi wa usalama

Hapa Pemba, kuanzia Wete mpaka Mkoani, wengi wetu tumekulia na imani kwamba koleo la kung'olea meno likishachemshwa, au likafutwa kwa spiriti mpaka chumba kikanukia, limeshakuwa salama. Imani hiyo si sahihi. Maji yanayochemka hufikia nyuzi joto 100 tu, na spiriti, ijapokuwa huua vijidudu vingi, haiviui vile vilivyojifungia katika ganda gumu. Ama kirusi cha homa ya ini aina ya B, huweza kuishi siku 7 au zaidi katika damu iliyokauka, hata kidogo isiyoonekana kwa macho. Ndiyo maana chombo huoshwa kwanza, kwani damu iliyogandia huzuia mvuke kukifikia chuma, kisha hutiwa katika mashine ya mvuke wenye shinikizo, kwa nyuzi 121 kwa dakika 15, au 134 kwa angalau dakika 3. Mfuko ambamo chombo hufungwa kabla ya kuingia mashineni ufunguliwe mbele yako. Alama yake iliyobadilika rangi huonesha kwamba umepita kwenye joto, ingawa peke yake haithibitishi kuwa vijidudu vyote vimekufa, kwa hiyo muulize daktari, bila ya kuona haya, mashine yenyewe hupimwa vipi.